Kabla ya Kulaumu Sufuria, Itazame Punje ya Bisi

Basi likisimama Korogwe au Segera, wachuuzi huwahi madirishani na machungwa, maji na mifuko ya bisi. Abiria anakula hadi mfuko unaisha, anakuta punje ngumu mbili tatu tu chini. Nyumbani mambo huwa mengine: bisi zinapakuliwa, na sufuria inabaki na tabaka zima la punje nyeusi zilizogoma kupasuka. Hapo hulaumiwa sufuria, au mafuta, au jiko. Mimi nashauri tuanze na punje, kwa sababu njia zote nitakazozilinganisha hapa zinaitegemea.

Punje ya bisi ni kama chungu kidogo kilichozibwa. Ndani mna wanga mgumu na maji kidogo, kiasi cha asilimia 13 hadi 14 ya uzito wake. Ikipata moto, maji yale hugeuka mvuke, na gamba linauzuia mvuke usitoke. Mgandamizo unapanda, wanga unalainika kama uji mzito, kisha gamba linashindwa. Wanga unafumuka, unapoa papo hapo na kuganda ukiwa povu jeupe. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Ufaransa, Emmanuel Virot na Alexandre Ponomarenko, walichapisha matokeo ya kuzipasha punje moto hatua kwa hatua. Kwenye nyuzijoto 170 za Selsiasi zilipasuka kama theluthi moja tu. Kwenye 180 zikapasuka karibu zote. Tofauti ya nyuzi kumi tu! Ndiyo maana moto wa kusuasua unakuachia punje nyingi nzima hata ukikaa jikoni nusu saa.

Mahindi ya sembe na dona, yale yanayojaza maghala ya Handeni, hayafumuki hivyo. Wanga wake una sehemu kubwa laini na gamba lake halihimili mvuke. Ukiyakaanga yanapasuka nyufa na kuwa mahindi ya kutafuna. Sokoni ulizia mahindi ya bisi kwa jina lake: punje ndogo, zinazong'aa, ngumu kwa jino. Mtama nao hufumuka ukikaangwa mkavu, japo bisi zake ni ndogo sana.

Sasa jua letu. Mtu ananunua mahindi ya bisi Chanika, anayaanika juani siku nzima "yakauke vizuri", halafu anashangaa hayapasuki. Ameyakausha kupita kiasi. Maji yakipungua, mvuke hautoshi kulishinda gamba. Dawa yake ni nyepesi: kwa kilo moja ya mahindi, nyunyiza vijiko viwili vya chakula vya maji, tia kwenye chupa au ndoo yenye mfuniko unaobana, tikisa, kisha acha siku mbili au tatu huku ukitikisa kila siku. Jaribu punje chache. Ikiwa bado zinagoma, ongeza kijiko kimoja, subiri tena. Kwa upande mwingine, mahindi yaliyonyonya unyevu wa masika hutoa bisi ndogo, nzito, zinazonata menoni. Hayo yatandaze kivulini penye upepo siku moja au mbili, si juani. Na punje iliyovunjika au yenye ufa itupe, kwa maana mvuke wake unatoka kimyakimya.

Punje ikiwa sawa, njia ninayoipendekeza kwa nyumba nyingi za Korogwe na Handeni ni sufuria nzito, mafuta na jiko la mkaa. Shida ya mkaa ni moja: haupunguzwi kwa kitufe. Subiri uwake wote uwe mwekundu, moshi uishe, kisha utandaze. Ukiwa mkali mno, nyunyizia majivu kidogo juu. Weka vijiko vitatu vya mafuta ya alizeti pamoja na punje tatu peke yake, funika, usikilize. Punje ya tatu ikishapasuka, mafuta yamefika. Hapo mimina nusu kikombe cha mahindi, uipue sufuria na kuiweka pembeni ukihesabu hadi thelathini. Wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo inayookoa punje: zote zinafikia joto linalokaribiana kabla ya kurudi motoni, kwa hiyo hupasuka kwa pamoja, na zilizotangulia haziungui zikingoja nyingine.

Rudisha motoni, shika masikio ya sufuria kwa kitambaa na uitikise. Mfuniko uache upenyo mwembamba upande usiokuelekea. Mvuke ukifungiwa ndani unarudi kwenye bisi na kuzifanya laini kama pamba mbichi. Mlio utaanza moja moja, utakuwa kama mvua ya vuli juu ya bati, kisha utapungua. Kukiwa na kimya cha sekunde mbili tatu kati ya mlio na mlio, ipua na umimine kwenye bakuli mara moja, kwani sufuria nzito inaendelea kuunguza hata ikiwa chini. Nusu kikombe hutoa karibu lita nne za bisi, kwa hiyo usitumie sufuria ndogo.

Mafuta ya nazi yanazipa bisi harufu tamu, na mkoa wa Tanga una minazi. Angalia tu kwamba yale ya kukamua nyumbani huanza kutoa moshi karibu na joto lilelile la kupasua punje, kwa hiyo usiyaache motoni yakisubiri. Siagi huungua mapema. Iyeyushe pembeni, uimwagie mwishoni. Chumvi nayo tia mwishoni, ikiwa imesagwa laini kama vumbi, maana haiyeyuki ndani ya mafuta na ya mawe hudondoka chini ya bakuli.

Mtungi mdogo wa gesi wenye jiko juu yake hufanya kazi ileile kwa haraka zaidi. Mwali wake ni mwembamba na mkali katikati, kwa hiyo tumia moto wa wastani na usiache kutikisa.

Maikrowevu inafaa kwa mtu mmoja au wawili. Vijiko vitatu vya mahindi kwenye mfuko safi wa kaki, mdomo ukunjwe mara mbili, bila pini ya chuma, dakika mbili hadi tatu. Kwa muda huo hata mashine ya wati 1,200 haifiki sehemu moja ya kumi ya uniti ya LUKU. Hakuna mafuta, hakuna sufuria ya kusugua. Ladha ni kavu, na punje zilizobaki huwa nyingi kuliko za sufuria. Usizirudishe kupasha tena, mfuko unaweza kushika moto.

Mashine ya vioo yenye sufuria inayoning'inia, mjukuu wa ile ya mvuke aliyoionyesha Charles Cretors kule Chicago mwaka 1893, ni ya biashara. Kwa familia inayokula bisi Jumamosi jioni, siioni faida yake.

Kuna mambo ambayo njia yoyote haiyarekebishi. Mbegu za dukani zilizopakwa dawa, mara nyingi zenye rangi nyekundu au ya waridi, ni za shambani tu. Kuziosha hakuziondolei sumu. Mahindi yenye ukungu, yaliyobadilika rangi au kunuka uvundo, usijaribu kuyaokoa kwa kukaanga. Sumukuvu haimalizwi na moto wa jikoni, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kwa mahindi ya chakula cha kila siku.

Mkaa uutumie nje au penye madirisha wazi, kwa kuwa hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu. Mtoto ambaye hajatimiza miaka minne asipewe bisi kabisa. Kipande kimoja kinatosha kuziba koo. Watoto wakubwa nao wazile wakiwa wamekaa, si wakikimbia uani.

Zikibaki, ngoja zipoe kabisa ndipo uzifunge kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Zikilainika kwa unyevu, zipitishe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika mbili ukizigeuza kwa mwiko, uziache zipoe tena ndipo uonje.