Kujitolea si Lelemama

Wengi wetu tukisikia habari za watu wa kujitolea humfikiria mgeni aliyeshuka ndegeni na kamera shingoni. Mimi namjua mwingine. Ni shangazi yangu wa Ganze, Kaunti ya Kilifi, mhudumu wa afya wa jamii. Likizo ya Desemba 2022 niliandamana naye kazini, na ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulikuwa bado umetubana.

Mshahara hakuwa nao (posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi ilikuja 2023), kwa hivyo alianza kwa kuchota maji na kulisha kuku wake. Ndipo akachukua daftari na utepe, tukaenda kupiga hodi. Boma hadi boma ni mwendo! Na kila tulipofika aliuliza kwanza habari za mvua, mbuzi na wazee. Nilidhani anapoteza wakati, kumbe ukikata salamu kesho hukaribishwi.

Sasa huo utepe. Hupimiwa watoto wa miezi 6 hadi 59, mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Usikazwe, wala usiachwe ukining'inia. Kijani ni salama. Manjano, yaani kati ya milimita 115 na 125, ni utapiamlo wa wastani. Nyekundu, chini ya 115, ni hatari. Mtoto apelekwe zahanati mara moja. Shangazi pia alibonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba. Vishimo vikibaki, hiyo nayo ni hatari, hata mtoto akionekana mnene.

Siku ya tatu nikaomba nipime mimi. Mtoto akalia, nikamwonea huruma, nikaulegeza utepe. Manjano. Nikaandika, tukaaga. Hatujafika mbali shangazi akasita, akarudi, akapima upya bila kunisuta mbele za watu. Nyekundu!

Mama mtoto hakuwa na nauli ya bodaboda. Shangazi alifungua kitambaa chake, akampa pesa za mayai.

"Huruma yako, mwanangu, ingemnyima mtoto tiba," aliniambia njiani. Sikuwa na la kujibu.

Zahanati ilimpa mtoto pakiti za lishe ya karanga, akawa anarudishwa kila wiki. Nilipofunga sanduku langu la shule Januari, alikuwa amefika manjano, na safari hii utepe ulikuwa umeshikwa na shangazi.