Somo: Rezo Inayokuja na Kupotea, Tutajuaje Inasumbuliwa na Nini?

Koperative nyingi ziko na antene ndogo juu ya biro. Inaangaliana na antene nyingine kwenye mulingoti wa mbali, na kwa njia hiyo tunapata intaneti. Siku rezo inakufa kabisa, fundi anaona ubovu haraka. Lakini rezo inayopotea dakika 10 kisha inarudi inasumbua zaidi, juu fundi akifika anakuta kila kitu kinatembea muzuri. Mara mingi anasema tununue antene mupya. Tunalipa, na kisha wiki moja shida ni ileile.

Hizo ni franga za wanamemba wote. Tena, bei ya kahawa ya arabika inabadilika kila siku ya kazi kwenye soko la New York. Koperative isiyoiona inabaki kukubali ile bei mununuzi anaisema.

1. Kaye mbele ya fundi

Musiguse antene kwanza. Muchukue kaye, kama ile tunaandikamo kilo za mavuno. Kwa siku 14, kila mara rezo inapotea, muandike: siku na saa, dakika ngapi, hali ya mvua na upepo, mashini gani ilikuwa inatembea, na batri iko na volti ngapi. Ubovu wa namna hii uko na saa zake. Mukijua saa zake, muko karibu kujua sababu.

2. Kaye inasema nini?

*Rezo inapotea usiku ao asubui mapema.* Muangalie batri. Batri ya volti 12 ya asidi, ikijaa na kupumuzika, inaonyesha karibu 12,7. Ikionyesha 12 tu, imebakiza kama robo. Antene inazimika na kuwaka yenyewe, na watu wanazani ni rezo.

*Inapotea mashini ya kusaga inapoanza.* Umeme unashuka gafula. Antene ipate batri yake yenyewe.

*Inapotea wakati wa mvua.* Wengi wanasema mvua inazuia mawimbi. Kwa antene za gigahezi 5, kwa kilometa chache, mvua yenyewe inapunguza kidogo sana. Mutafute maji ndani ya viungio vya kable, majani yaliyolowana mbele ya antene, ao mulingoti unaotikisika na upepo. Kable ishuke kidogo chini ya tundu mbele ya kuingia, ili maji yadondokee inje.

*Inazoofika polepole, mwezi kwa mwezi.* Ni miti. Mikaratusi inakomaa haraka. Kuona mulingoti kwa macho haitoshi, juu mawimbi yanahitaji njia pana. Kwa umbali wa kilometa 5, katikati ya njia, kilele cha muti kibakie karibu metre 5 chini ya mustari wa macho.

*Inapotea dakika moja hivi, kisha inarudi.* Kanali fulani za gigahezi 5 zinatumiwa pia na rada. Antene ikisikia rada, ao ikizani imesikia, inahama na kusikiliza sekunde 60 ao zaidi mbele ya kusema tena. Fundi achague kanali isiyo ya rada.

*Inazoofika mangaribi, batri imejaa na hakuna mvua.* Hapa kuna mambo mawili: watu wengi wanagawana njia moja, ao mawimbi ya jirani yanagongana na yetu.

3. Kutofautisha ile mambo mawili

Kwenye ukurasa wa antene kuna namba mbili zenye alama ya kutoa: nguvu ya mawimbi yetu, na kelele. Kwa nguvu, –60 ni muzuri kuliko –80. Kwa kelele ni kinyume: –95 ni kimya, –80 ni makelele. Muandike zote mbili saa sita za muchana na saa mbili za usiku. Kama nguvu haibadilike lakini kelele imepanda, kuna antene nyingine inayosema juu yetu. Kama zote zimebaki sawa na rezo ni nzito, muulize mwenye kuwauzia intaneti ni wateja wangapi wako kwenye ule mulingoti.

Kwenye kompyuta, mupime pia kwa ping: kwanza ruta ya biro, kisha antene yenu, kisha antene ya mulimani, kisha inje, kwa mufano 8.8.8.8. Ile ya kwanza isiyojibu inaonyesha ubovu unaanzia wapi.

4. Kugongana kwa mawimbi kunamalizwa namna gani?

Fundi apime kanali zote kwenye pande mbili, saa ile ya shida, halafu achague iliyo kimya. Kwa gigahezi 2,4 ziko tatu tu zisizoguzana: 1, 6 na 11. Kwa gigahezi 5 ziko nyingi zaidi. Apunguze upana wa kanali kutoka 40 mpaka 20: mwendo utapungua, lakini rezo itatulia.

Tusikubali kuongeza nguvu tu. Jirani naye ataongeza, na wote tutapiga makelele bila kusikilizana. Tumutafute jirani, iwe ni kituo cha afya, parokia ao koperative nyingine, tugawane kanali. Ikishindikana, ARPTC ndiyo inasimamia masafa katika inchi yetu.

5. Angalisho

Wataalamu waliohesabu radi kwa satelaiti waliona kwamba Kabare, Kivu ya Kusini, inapita Afrika yote kwa wingi wa radi. Mawingu yakikusanyika, mutu asipande mulingoti wala asishike kable. Na mbele ya kupanda, umeme ukatwe.

Maswali ya kuzungumuza katika kikundi

1. Ni nani atashika kaye ya rezo, na nani atamusaidia siku ya soko?
2. Ni miti gani imekomaa kati yetu na mulingoti tangu antene iwekwe? Ni ya nani, na tutazungumuza naye namna gani?
3. Fundi akisema tununue antene mupya, tutamuonyesha kurasa gani za kaye mbele ya kutoa franga?