Mahari na Karamu Visimzuie Mtu Kufika Altareni



Somo letu la mwezi huu lahusu jambo linaloziumiza familia nyingi za Kikatoliki hapa Kenya. Tazama Jumapili wakati wa Komunyo. Utaona baba na mama wa miaka arobaini au hamsini wakibaki vitini huku watoto wao wakienda mbele. Wamebatizwa, wanatoa zaka, jumuiya husali nyumbani kwao. Ukiwauliza kwa upole kwa nini hawapokei, jibu huwa lile lile: "Hatujafunga ndoa kanisani. Mahari haijaisha, na pesa za harusi hatuna."

Watu hawa hawakuikataa sakramenti. Waliiahirisha mwaka mmoja, kisha miwili, na sasa wana mjukuu. Basi tujiulize, ni nani aliyewaambia kwamba njia ya altare hupitia kwenye zizi la ng'ombe na hema la karamu?

Mambo matatu katika kamba moja

Siku hizi tumeyafunga mambo matatu pamoja, nayo ni mahari, karamu na sakramenti. Kijana akishindwa na moja, yote matatu husimama. Yafaa tuyatenganishe.

La kwanza ni sakramenti. Sheria ya Kanisa ya 1983, katika kanuni ya 1057, yafundisha kwamba kinachofanya ndoa ni kukubaliana kwa mume na mke wenyewe, kwa hiari yao. Kanuni ya 1108 yaongeza kwamba makubaliano hayo yatolewe mbele ya askofu, paroko, au padri au shemasi aliyepewa ruhusa, pamoja na mashahidi wawili. Hesabu watu hao: bwana harusi, bibi harusi, mhudumu wa Kanisa na mashahidi wawili. Ni watu watano. Kanuni hizo hazitaji keki, wala magari yaliyopambwa, wala idadi ya ng'ombe.

Kuhusu pesa, kanuni ya 848 yasema kwamba mhudumu asidai chochote kuzidi sadaka iliyowekwa na wakuu wa Kanisa, tena aangalie sana kwamba maskini wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Kwa hiyo ukiwa huna kitu, usijifiche. Mwendee paroko wako umweleze.

La pili ni mahari. Mimi si mmoja wa wale wanaosema mahari ifutwe. Mwacha mila ni mtumwa. Mahari iliunganisha koo mbili, ikamwambia kijana kwamba msichana huyu ana kwao na ana watu. Lakini tuikumbuke mila yenyewe ilivyo. Kwa Wakamba, mbuzi wa ntheo ndio huonyesha kwamba ndoa imefungwa, mengine hufuata. Kwa Wakikuyu ngurario ina uzito huo, na wazee wao husema kwamba mahari haiishi. Wazee walijua kutofautisha kitu kinachofunga ndoa na kitu kinacholipwa polepole maisha yote. Sisi ndio tuliosahau, tukaanza kudai yote kwa mara moja, tena kwa pesa taslimu.

Hata Serikali imeliona jambo hili. Sheria ya Ndoa ya 2014 yasema kwamba mila inapodai mahari, kiasi kidogo tu cha kuonyesha nia chatosha kuithibitisha ndoa ya kimila.

La tatu ni karamu. Bwana wetu hakuichukia karamu. Alikwenda Kana pamoja na Mama yake (Yohana 2:1-11). Lakini angalia neno moja katika habari ile. Divai iliisha, na aibu ilikuwa mlangoni. Je, ndoa ilivunjika? La. Bwana harusi aliyepungukiwa divai alikuwa bwana harusi kamili. Kupungukiwa ndiko kulikompa Yesu nafasi.

Yakobo na Labani

Fungueni Kitabu cha Mwanzo, sura ya 29. Yakobo hakuwa na mali, akamtumikia Labani miaka saba kwa ajili ya Raheli. Labani akamdanganya, akampa Lea. Kisha wakapatana tena: baada ya juma la harusi ya Lea, Yakobo akapewa Raheli, ndipo akatumika miaka saba mingine. Maana yake ni kwamba mahari ya Raheli ililipwa baada ya harusi, siku kwa siku, naye Yakobo hakutoroka deni.

Endeleeni hadi sura ya 31, mstari wa 14 na wa 15. Hapo Raheli na Lea wanamlalamikia baba yao. Wanasema amewafanya kama wageni, amewauza, na mali iliyotolewa kwa ajili yao ameila yeye. Wazazi, tusikie sauti hiyo. Binti hasemi mbele ya wazee siku ya mazungumzo, kwa kuwa ana heshima. Lakini moyoni anahesabu, na anajua kama anapewa au anauzwa.

Hesabu ya kijana

Chukua mfano. Kijana anapata shilingi 20,000 kwa mwezi. Akijinyima sana, ataweka 5,000. Wazee wa upande wa msichana wanataja shilingi 300,000. Gawanya mwenyewe: ni miezi 60, yaani miaka mitano, kabla hajanunua hata pete. Je, vijana wawili wanaopendana watangoja miaka mitano? Wengi hawangoji. Wanahamia chumba kimoja cha kupanga, na hapo ndipo "njoo tukae" huzaliwa. Kisha wale wale wazee waliotaja bei hulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu.

Mwingine hufanya vingine. Anakopa kwenye chama, anakopa kwa simu, anaunda kikundi cha WhatsApp cha michango na kuwaomba hata watu asiowajua vizuri. Harusi inapendeza, picha zinapigwa. Jumatatu maharusi wanaamka na deni kitandani katikati yao. Mwezi wa tatu bibi anauliza mshahara umekwenda wapi, na ugomvi wa kwanza unaanza. Wahenga walisema, jikune ujipatapo. Papa Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia wa 2016, aliwasihi wachumba wawe na ujasiri wa kuwa tofauti, wasimezwe na jamii inayopenda kununua na kujionyesha, bali waweke mbele upendo wao na neema ya Mungu.

Hatari ya kukaa bila ndoa

Wako wanaojifariji wakisema, "Tumekaa miaka mingi, Serikali inatutambua." Msiitegemee sana fimbo hiyo. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka mingi, ilisema kwamba dhana ya kuwachukulia watu kuwa wana ndoa kwa sababu tu wamekaa pamoja itumike mara chache, tena penye ushahidi mzito. Mume akifa ghafula, mama aliyelea watoto na kulima shamba miaka ishirini aweza kujikuta akibishana na shemeji zake kuwa yeye ni nani katika boma lile.

Na kwa upande wa roho, hasara ni kubwa zaidi. Wakatoliki walioungana bila ndoa ya Kanisa hukaa mbali na Ekaristi Takatifu, chakula kile kile ambacho kingewapa nguvu ya kuvumiliana.

Tuseme pia ukweli mwingine. Si kila anayetaja umaskini ni maskini. Wako wanaume wanaoacha mlango wazi, kwa sababu Sheria ya Ndoa yasema wazi kwamba ndoa ya Kikristo ni ya mume mmoja na mke mmoja. Wako wanawake wanaohofu kwamba mume akishapata cheti atawadharau, na wanaume wanaohofu vivyo hivyo kwa wake zao. Kama shida ni hiyo, ng'ombe hawataiponya hata wakija mia. Semeni ukweli ninyi wawili kwanza, kisha mwendeeni padri au katekista.

Tufanye nini?

Kwa ninyi mnaokaa pamoja bila sakramenti: Jioni moja, watoto wakishalala, ongeeni. Mama aweza kuanza hivi: "Baba watoto, mimi sidai karamu. Natamani tupokee Ekaristi pamoja kabla hatujazeeka." Naye baba ajibu kwa moyo, si kwa hesabu. Kisha nendeni mkamwone paroko. Atawauliza vyeti vya ubatizo, atawapa mafundisho, jina litatangazwa kanisani, na atahakikisha hakuna kizuizi. Parokia nyingi huwa na ndoa za pamoja, ambapo jozi kadhaa hufunga ndoa katika Misa moja na kula chakula kilichopikwa na jumuiya. Si aibu.

Kwa ninyi wazazi: Katika parokia nyingi padri huuliza kama wazazi wamekubali, si kwa sababu mahari ni sharti la sakramenti, bali hapendi kuwasha ugomvi baina ya koo. Basi neno lenu ndilo ufunguo. Kaeni na wakwe, pokeeni kile kidogo ambacho mila yenu inakihitaji ili ndoa itambulike, kisha mseme mbele ya wote: "Watoto waende kanisani. Yaliyobaki tutayaongea tukiwa watu wa jamaa moja." Najua wako wanaosema mkono mtupu haulambwi. Lakini mkwe aliyepewa heshima hukumbuka, naye ndiye atakayekupeleka hospitali siku ya ugonjwa.

Kwa ninyi wasimamizi na kamati za harusi: Kabla ya kuandika bajeti, waulizeni wachumba wana nini mkononi, wala msipange kuzidi hapo. Bwana Yesu alisema juu ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama (Luka 14:28). Msimamizi mwema huwapunguzia maharusi mzigo, halafu huwatembelea mwaka wa kwanza, wakati hema limeshakunjwa na wageni wameshasahau.

Kwa ninyi mliofunga ndoa tayari na kupokea kila Jumapili: Msiwatazame kwa dharau wale wanaobaki vitini. Pengine katika jumuiya yenu yuko mwenzenu ambaye amekosa tu mtu wa kumsindikiza kwa wakwe au kumsimamia kama shahidi. Kumbuka mashahidi wanaohitajika ni wawili tu. Wewe na mwenzako mwatosha.

Maswali ya kujadiliana nyumbani na katika jumuiya

1. Je, katika mila ya kwetu, ni kitu gani hasa hufunga ndoa, na ni kipi kinachoweza kulipwa baadaye?

2. Kama binti yetu angeletewa posa leo, tungetaja nini? Je, Raheli na Lea wangetulalamikia?

3. Ni jozi gani katika jumuiya yetu tunayoweza kuisaidia kufika altareni kabla ya mwaka kwisha? Nani atakwenda kuongea nao, na lini?

Msiliache swali la tatu bila jina na bila tarehe. Bwana awabariki ninyi na nyumba zenu.