SOMO LETU: CHENI YA PIKIPIKI YA KIKUNDI



Vikundi vingi siku hizi vina pikipiki. Asubuhi inabeba maziwa, mchana inafanya bodaboda, na usiku mama akishikwa na uchungu ni hiyo hiyo inayomfikisha zahanati. Ikilala kwa fundi wiki nzima, mkopo wake haulali. Leo tujifunze habari ya cheni. Inaonekana kwa macho, haitaki mambo mengi, na bado ndiyo tunayoisahau mpaka ikatike.

Cheni inatoa nguvu kwenye spokiti ndogo ya injini na kuipeleka kwa spokiti kubwa ya gurudumu la nyuma. Ikilegea sana inaruka meno, halafu inatoka. Ikitoka mwendoni yaweza kujibana na kulifunga gurudumu ghafla, na hapo dereva na abiria wote wako chini. Wengine wakiogopa hayo wanaikaza mpaka inalia. Hilo nalo ni kosa. Abiria akipanda, nyuma ya pikipiki inashuka na cheni inazidi kujikaza. Kama haina nafasi, inavuta beringi za gurudumu na ile ya spokiti ndogo ndani ya injini. Beringi ya ndani ikifa, gharama yake si mchezo.

Basi, tupime namna hii. Zima injini, weka gia huru, simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati. Shika cheni ya chini, katikati ya spokiti mbili, uisukume juu na chini. Kwa pikipiki nyingi ndogo inafaa icheze kama inchi moja hivi, yaani milimita 20 hadi 30. Kitabu cha pikipiki yenu kikisema vingine, fuateni kitabu. Zungusha gurudumu kwa mkono upime tena mahali patatu au panne. Ikiwa pengine imekaza na pengine imelegea, cheni imevutika vibaya na kurekebisha hakutasaidia.

Kama imelegea tu, fungua nati kubwa ya ekseli, kisha zungusha skrubu za kurekebishia pande zote mbili sawasawa. Kuna alama zimechorwa kushoto na kulia: zilingane. Zisipolingana gurudumu linakaa upande na cheni inakula meno. Kaza nati kabisa, halafu pima breki ya nyuma, maana ukirudisha gurudumu nyuma, breki ya fimbo nayo inajikaza. Hapa ndipo wengi huondoka haraka, kisha wanashangaa gurudumu linachemka.

Kusafisha, tumia brashi na mafuta ya taa, si petroli. Pangusa kwa kitambaa, kisha tia oili nzito ya gia kidogo kidogo upande wa ndani ukizungusha gurudumu kwa mkono. Msifanye kazi hii injini ikinguruma! Kuna watu wamepoteza vidole hivyo. Oili chafu iliyomwagwa kutoka injini haifai. Ina masizi na chembe za chuma, na ikichanganyika na vumbi la barabara zetu inakuwa kama msasa. Kwenye murram, safisheni kila wiki, na kila baada ya matope.

Cheni imekwisha lini? Ivute kwa nyuma kabisa ya spokiti kubwa. Ikiachana na meno hadi uone nusu ya jino, imekwisha. Tazama pia meno yenyewe: yakiwa yamepinda kama ndoana, badilisha spokiti zote mbili pamoja na cheni. Fundi atakuambia ati ubadilishe cheni peke yake uokoe pesa. Mkatalie kwa upole. Meno ya zamani yatailiza cheni mpya kwa muda mfupi. Na kile kibanio cha kiungo cha cheni, upande wake uliozibwa utazame mbele, kule cheni inakokwenda. Ukikigeuza, chaweza kuchomoka.

Neno moja juu ya oili ya injini. Katika pikipiki nyingi za namna hii, klachi inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo. Oili nyingine za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi huanza kuteleza: injini inapiga kelele mlimani, mwendo hakuna. Nunueni ya pikipiki, kwenye mkebe mtaona herufi JASO MA.

YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Nani anapima cheni yetu, na siku gani ya wiki? Anaandika wapi?
2. Katika mapato ya kila siku, tunaweka kando shilingi ngapi za cheni na spokiti?
3. Dereva akisema pikipiki ina shida, tunamsikiliza, au tunamwambia amalize kwanza safari za siku hiyo?