Vuka Darajani, Mdogo Wangu

Barua yako nimeisoma mara mbili, mdogo wangu, na mara ya pili nikaiweka mezani nikatafakari. Unasema umezaliwa Ng'ambo, hapa Unguja, umesoma Ng'ambo, una miaka 22, na Shangani unaijua kwa Forodhani tu: unakwenda usiku wa Idi, unakula urojo, unarudi. Vichochoroni huingii. Unahisi mtu atakusimamisha akuulize umefuata nini.

Nakuelewa. Mimi nimelelewa Michenzani, kwenye yale majumba marefu yaliyojengwa enzi za Mzee Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Bibi yangu mpaka anaingia kaburini alikuwa akisema "nakwenda mjini" kila alipovuka barabara ya Darajani. Ni mwendo mfupi kwa miguu, lakini lazima abadilishe kanga, avae buibui, ajifukize udi. Nilidhani ni madaha yake tu. Nilipokua akanieleza kwamba pale palikuwa na maji, mkono wa bahari uliojaa na kupwa, na daraja la kuvukia ndilo lililopatia mahali pale jina. Kule zilikuwa nyumba za mawe. Huku walikaa wachukuzi, mafundi, wapishi, na wengi waliowahi kuwa watumwa pamoja na watoto wao. Maji yalifukiwa zamani, mdogo wangu, lakini kwako naona bado yamo.

Basi nataka uvuke. Chagua siku ambayo huna haraka, utoke baada ya sala ya alasiri, jua likiwa limepoa. Mchukue mwenzako mmoja, si kundi, maana kundi huzungumza likapita bila kuona kitu. Nyumbani sema unakokwenda. Na usiende kuzurura tu, jiwekee nyumba moja ya kuifikia. Nakuchagulia nyumba ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, iliyoko Shangani.

Ukitoka Darajani ingia Mkunazini. Utauona mnara wa kanisa la Waanglikana. Hapo ndipo palipokuwa soko la watumwa mpaka Sultani Barghash alipolifunga mwaka 1873, kwa shinikizo la Waingereza, na kanisa likajengwa juu ya uwanja ule ule. Jioni huenda ukakuta geti limefungwa. Rudi asubuhi nyingine ukaione ile sanamu ya watu watano waliosimama shimoni na minyororo shingoni. Siku hiyo ya kwanza inatosha ujue umepita wapi, kwa sababu nyumba unayoiendea na uwanja huu ni habari moja.

Kisha fuata Soko Muhogo. Usiogope kupotea, sote tunapotea, na kila kichochoro mwisho hukutoa barabarani au baharini. Ukikuta wazee wamekaa barazani, toa shikamoo yako vizuri, usipite kama mgeni aliyeinamia simu. Jaws Corner utawakuta wanacheza bao na dhumna, kahawa inamiminwa kwenye vikombe vidogo. Waulize nyumba ya Tippu Tip iko wapi hata kama unaijua. Atatokea mmoja akuelekeze, wa pili ampinge, wa tatu akuulize wewe mtoto wa nani, na ukimtajia babu yako pengine atasema alimjua. Lile swali uliloliogopa, umefuata nini, litakuja kwa namna hiyo, nawe utakuwa na jibu.

Nyumba yenyewe iko karibu na Africa House, kwenye uchochoro mwembamba ambao unaweza kuupita bila kugeuza shingo. Itambue kwa ngazi zake za marumaru nyeusi na nyeupe, na mlango mkubwa wa nakshi. Kwa miaka mingi imekuwa makazi ya familia za kawaida, nguo zinaanikwa, watoto wanapanda na kushuka. Kwa hiyo usipige picha za watu, na usiingie bila hodi na bila kukaribishwa. Simama nje, uutazame mlango kwa utulivu. Fundi alikaa na ubao ule siku ngapi, sijui, wala sijui ni nani aliyejali kuliandika jina lake.

La mwenye nyumba limeandikwa sana. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiyo jina lake hasa. Misafara yake ilikwenda mpaka Manyema, ndani kabisa ya Kongo, ikarudi na pembe za ndovu zilizobebwa mabegani mwa watu, wengine wapagazi wa ujira, wengine watumwa. Mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alimfanya liwali wa Stanley Falls. Alikufa mjini humu mwaka 1905, akiwa ameacha habari za maisha yake alizoziandika mwenyewe kwa Kiswahili. Na Kiswahili kinachosemwa leo Kasongo, huko huko Kongo, kilifika kule kwa misafara kama hiyo. Lugha yetu hii tunayoipenda ilisafiri na bunduki na minyororo, na mimi siwezi kukuficha hilo.

Watakaokuelekeza watakusifia utajiri wake. Wasikilize, kisha wewe ufikirie uzito wa pembe moja ya ndovu begani, kutoka Kongo hadi pwani, kwa miguu. Mara ya kwanza nilipofika pale nilishikwa na hasira, nikataka kuondoka. Nikamkumbuka bibi. Mama yake aliletwa Unguja akiwa mtoto mdogo, na hakupata kujua kwao ni wapi, alijua tu kwamba walitembea sana. Nikakaa ukingoni mwa ngazi ile, jiwe bado lina joto la mchana, nikakaa mpaka mwadhini akaadhini magharibi. Hakuna aliyeniondoa. Mwanamke mmoja alitoka na ndoo akaniambia, "Sogea kidogo mwanangu, nisikumwagie maji." Basi.

Ndiyo maana nakuambia mji ule wa nyumba za mawe ni wako. Wenzako wanakusihi uupende kwa sababu UNESCO iliutia katika urithi wa dunia mwaka 2000, na ni jambo jema, maana nyumba zinaanguka. Nyumba ya Beit al-Ajaib tuliiona ikiporomoka upande mmoja Desemba 2020, na watu wakafa. Lakini wewe una sababu iliyotangulia hiyo. Chokaa ya nyumba hizo ilipondwa na watu, mawe ya matumbawe yalibebwa na watu, na wengi wao jioni walirudi kulala upande wetu.

Ukimaliza, teremka mpaka ufukweni ulione jua linavyozama, unywe juisi ya miwa, na giza likianza kushika urudi kwa njia yenye taa na watu, si kando ya maji. Umeniandikia kwamba bibi yako yu hai na miguu inamuuma. Usiku huo huo kaa naye, mwambie ulikopita, kichochoro kwa kichochoro, umwache akusahihishe majina. Na uvae viatu vya chini, mdogo wangu, vile vichochoro vikiloa vinateleza.