Mgongo Ulikuwa Unauma Tangu Zamani? Usiache Kudai

Wadogo zangu, leo tuzungumze jambo linalowakatisha tamaa wengi kabla hata hawajaanza. Uko ndani ya daladala, gari jingine linawagonga kwa nyuma, unaumia mgongo. Unapeleka madai kwenye kampuni ya bima ya gari lililosababisha ajali. Wiki zinapita, kisha ofisa madai anakwambia picha inaonyesha pingili za uti wa mgongo zimelika kitambo, kwa hiyo maumivu hayo unayo siku nyingi. Unarudi nyumbani umenywea. Nyumbani nako mtu anakuuliza, "Lakini si kweli ulikuwa unaumwa mgongo?"

Kweli, ulikuwa unaumwa. Bado haki yako ipo.

Msingi wa sheria tuliyoirithi kutoka Uingereza ni kwamba aliyekuumiza anakupokea jinsi alivyokukuta. Kama mifupa yako ilikuwa dhaifu, hawezi kujitetea kwamba mtu mwenye mifupa imara asingevunjika. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kesi ya bwana mmoja, Athey, aliyekuwa na matatizo ya mgongo ya miaka mingi. Alipata ajali mbili za gari mwaka 1991, na akiwa bado anajiuguza, diski ya mgongo ikatokeza alipokuwa akinyoosha viungo kabla ya mazoezi. Jaji wa kwanza alimpa asilimia 25 tu ya fidia. Mahakama ya Juu ikampa yote, kwa kuwa ajali zile zilichangia kuumia kwake, na ugonjwa wa zamani haukuwafutia wakosaji wajibu wao.

Ila nisikudanganye. Hulipwi kwa maumivu uliyokuwa nayo kabla ya ajali. Unalipwa kwa kile ambacho ajali imekuongezea. Kama goti lako lingefikia hatua ya kupasuliwa hata bila ajali, hilo litapunguza fidia, na ni haki lipunguze. Ndiyo maana kazi yako kubwa ni kuonyesha ulikuwaje kabla na ukoje sasa.

Hapa ndipo tunapoharibu. Mtu akifika hospitali na fomu ya polisi ya PF3 mkononi, daktari anamuuliza kama aliwahi kuumwa mgongo, naye anajibu, "Hapana, sijawahi." Anadhani anajilinda. Kumbe jina lake limo kwenye kumbukumbu za hospitali ileile, na dawa za maumivu alichukua mwaka jana kwa bima ya afya. Kampuni ikiyapata hayo, haitabishana tena kuhusu mgongo. Itasema wewe ni mwongo, na baada ya hapo hata mkono uliovunjika kweli utatiliwa shaka. Mdogo wangu, mwambie daktari ukweli siku ya kwanza, tena kwa undani: "Mgongo ulikuwa unauma nikifua nguo nyingi, nikimeza dawa unatulia. Tangu ajali siwezi kuinama kufunga viatu." Sentensi kama hiyo ikiandikwa kwenye faili lako ina thamani kubwa.

Baadaye, mwombe daktari akuandikie ripoti inayosema hali yako ya awali, hali ya sasa, na maoni yake kuhusu kilicholeta tofauti. Picha peke yake haitoshi. Watu wengi waliopita miaka 40 wana pingili zilizolika na hawasikii maumivu yoyote, kwa hiyo kulika kwa pingili hakuthibitishi kwamba ulikuwa mgonjwa. Tafuta pia ushahidi wa maisha yako: mahudhurio ya kazini, jirani wa sokoni aliyekuona ukibeba magunia ya vitunguu hadi wiki ile ya ajali. Daftari la zamani la hospitali usilichome. Hilo ndilo linaloonyesha ulikuwa unakwenda kliniki mara moja moja, na sasa unakwenda kila wiki.

Wenye kisukari, msione haya kusema. Kidonda kikichelewa kupona kwa sababu ya sukari, kuchelewa huko nako kunaweza kuwa sehemu ya madai. Lakini hulazimiki kumkabidhi ofisa madai faili lako zima. Kama umeumia bega, habari za uzazi wako hazimhusu.

Jambo jingine linaniuma sana: kutia saini mapema. Unapewa karatasi ya kukiri kwamba umelipwa na hudai tena, wakati bado unatembelea magongo. Mwenye maradhi ya zamani hupona polepole, na madhara mengine hujitokeza baada ya miezi. Usisaini kabla daktari hajasema hali yako imetulia.

Na kama bima ni yako mwenyewe, ile bima kubwa yenye kipengele cha ajali binafsi, kanuni zake ni nyingine. Huko unabanwa na mkataba uliosaini, kwa hiyo soma vipengele vya yasiyolipwa, na ukiulizwa kuhusu afya yako kwenye fomu ya maombi, jibu kweli.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, kisha uzipeleke kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, au kwa wakili. Usikae mno ukisubiri majibu ya simu: kwa Tanzania Bara, kesi ya madhara ya aina hii ina ukomo wa miaka 3.