Pindua Kiondo, Uangalie Kitako

Wiki hii nimesikiliza sauti saba za WhatsApp kutoka kwa binti mmoja wa Mutomo, ana miaka 22, anasuka viondo. Kilio chake ni hiki: leo TikTok imejaa kofia za kufuma, kesho vipochi vidogo vya begani, keshokutwa vikapu vya kutundika ukutani. Kila akianza kitu, kabla hajafika mdomoni pa kiondo watu wameshahamia kingine. “Dada, nifuate kipi?”

Najua utapata wa kukwambia uachane na mitindo, ushike mila. Hao wasikukoseshe usingizi. Huo mkonge unaoukwangua na kuuanika ni mgeni kama mgeni mwingine. Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893, na katika miche aliyoagiza kutoka Florida, iliyopona ni 62 tu. Kabla mkonge haujatufikia huku Kitui, susu (bibi) wa susu zetu walisokota kamba za gome la mbuyu. Nyuzi za sufu za rangi zilikuja baadaye, na sina shaka kuna mzee aliyeguna. Vinyago navyo je? Mkamba amechonga viti na miko tangu zamani, lakini vinyago vya kuuzia wageni vililetwa pale Wamunyu, kwa jirani zetu wa Machakos, na Mutisya Munge aliporudi kutoka Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Vikaenea haraka kwa sababu alirudi kwa watu ambao tayari walijua kushika tezo.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana mimi yalinikuta.

Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, tarehe 28 Agosti 2017, sisi wa vikapu tulidhani neema imetushukia. Nami nikapata oda ya vikapu 30, rangi ya haradali, ndiyo iliyokuwa ikitakwa na kila mtu. Sikuwahi kuipika rangi hiyo. Nikanunua unga sokoni, nikautia kwenye sufuria, nikazamisha katani, nikaitoa kabla haijakolea vizuri kwa sababu mteja alikuwa akipiga simu. Sikuisuuza mpaka maji yatoke meupe. Picha zilipendeza, nisikufiche! Kisha mvua ya Novemba ikamkuta mama mmoja Nairobi akiwa na kikapu changu begani, blauzi nyeupe ikawa ramani ya dunia. Vikapu kumi na kimoja vilirudi na matatu.

Susu yangu hakunigombeza. Alichukua kimoja, akakipindua, akaweka mkono kwenye kitako. Kitako chenyewe kilikuwa kimebonyea katikati kama bakuli, kwa sababu nilichelewa kuongeza nyuzi za kusimama duara lilipokuwa likipanuka. Ungeziongeza kupita kiasi kingejikunja kama pindo la gauni. Akakiweka chini, kikayumba. Akakiweka tena, kikayumba. Akaniambia kwa Kikamba neno ambalo kwa Kiswahili ni kama, “Hiki kitamwaga mahindi ya watu.” Rangi hata hakuitaja.

Basi binti yangu wa Mutomo, kabla sijakujibu swali la mtindo, nina langu: kiondo chako kikiwekwa mezani kinasimama?

Kama kinasimama, tuendelee. Mimi nina desturi niliyojiwekea baada ya aibu ile. Viondo vinne nasuka vile mkono wangu unavyojua, ndivyo vinavyolipa karo. Cha tano ni cha kucheza. Hicho nakijaribia rangi mpya, umbo nililoliona kwenye simu, hata nyuzi za gome la mbuyu nikizipata. Kikiharibika, nimepoteza kimoja. Rangi yoyote mpya naipitishia kitambaa cheupe kilicholowa, nasugua kwa nguvu. Kikitoka na doa, mkonge unarudi sufuriani.

Halafu usiangalie simu peke yake. Siku moja panda gari la Kibwezi, ile lami ya Kitui kupitia Mutomo na Ikutha imetufanya majirani, kisha endelea mpaka mji wa Wote. Kaa stendi saa nzima uangalie wanawake wamebeba nini na wamebebaje. Mimi nilikaa. Niliona mikoba ya ngozi bandia, mingi mno, na karibu yote imepasuka mahali pamoja: pale mkanda unaposhikana na mfuko. Wengine wamefunga kwa pini. Niliporudi sikwenda kwa msusi mwenzangu, nilikwenda kwa fundi viatu. Miezi miwili nilikaa kwenye kibanda chake nikijifunza kutoboa ngozi, kupitisha uzi wenye nta, kupiga ribiti. Baadaye nikajifunza bitana na zipu kwa fundi cherehani. Sikugusa usukaji wenyewe, lakini hata mwanamke anayetafuta mkoba wa kubebea kompyuta akaanza kuniuliza bei.

Ufundi wa namna hiyo haupitwi. Mnakumbuka KICOTEC, kile kiwanda cha nguo cha kaunti pale Syongila? Korona ilipoingia mwaka 2020, kilishona barakoa. Aliyejua kunyoosha mshono hakuhitaji kuzaliwa upya, alihitaji kipimo kipya tu.

Kuhusu wanaonakili sampuli zako: watanakili. Viondo vya mashine kutoka Asia vilitupiga miaka mingi kabla ya TikTok. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, na ubunifu wako mwenyewe unaweza kuusajili, uulize Bodi ya Hakimiliki. Lakini usilale njaa ukimsubiri wakili. Weka picha zako zenye tarehe, ingia kwenye mwethya (kikundi cha kusaidiana) wa wasukaji, mkubaliane bei ya chini kabisa ambayo hakuna atakayeuza chini yake. Wenzako wakiuza kwa bei ya kutupa, hiyo inakuumiza kuliko Mchina.

Picha nazo, mpige asubuhi karibu na dirisha, kiondo kikiwa begani kwa mtu ili mnunuzi aone ukubwa. Andikeni vipimo. Nimechoka kuulizwa “kinaingia sufuria?”

Sasa wewe wa Mutomo, cha tano ukimaliza, nitumie picha. Ya ubavuni usihangaike nayo, najua rangi unazijua. Kipindue, unipigie kitako.